Kitanda cha kuchomoa kwenye Hiace ya familia

Hiace ya familia hapa Mtwara haina kazi moja. Katikati ya wiki inapeleka watoto shule, Jumamosi inaombwa kubeba viti na masufuria ya msibani, na Oktoba ikiingia inageuka gari la magunia ya korosho, shambani hadi ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Mwenye gari hiyo hiyo anataka pia ilaze watu: Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550, na wenye watoto wadogo wanapenda kulala njiani, Nangurukuru au Kilwa Masoko. Au anataka Jumamosi na Jumapili mchangani Msimbati bila kulipia nyumba ya wageni.

Kitanda cha kudumu kinaua kazi zote hizo. Ndiyo maana kinatengenezwa cha kuchomoa, na kipimo cha kitanda cha namna hiyo hakipo kwenye kulala. Karibu kila ubao unalalika. Kipimo ni kukitoa: mtu mmoja, peke yake, dakika kumi, kipande kizito kuliko vyote kisizidi kilo 10. Kisipotoka kwa urahisi huo, baada ya mwezi mmoja kitakuwa kimehamia ndani ya gari moja kwa moja, au kimehamia stoo moja kwa moja. Maamuzi yote hapa chini, kuanzia unene wa chuma hadi aina ya pini, yanatokana na hilo.

Tuanze na vipimo. Hiace ya bodi ndefu ya kawaida, toleo lililotoka mwaka 2004, ina upana wa ndani wa takriban sentimita 152 na kimo cha takriban 132 kutoka sakafu hadi dari. Kwenye zile zenye siti ya kati, nyuma ya siti hiyo inabaki nafasi ya karibu sentimita 185. Hiace za kabla ya hapo, Noah na Caravan zina vipimo vyake. Hata kwenye gari hii hii usiamini namba za karatasini, kwa sababu gari nyingi zimeshapita kwa mafundi wa kapeti na paneli, na kila mmoja ameacha sentimita yake. Pima upana mara tatu: mbele ya nundu za matairi, juu ya nundu zenyewe, na karibu na mlango wa nyuma. Pima kwenye kimo ambacho kitanda kitakaa, si sakafuni. Chukua ndogo kuliko zote, punguza tena sentimita 2 kila upande. Kwa gari yenye 152 unapata 148. Kwa urefu chukua 180.

Kimo ndicho watu wengi wanachokosea. Wanataka nafasi kubwa ya mizigo chini ya kitanda, wanakinyanyua hadi sentimita 45, halafu godoro linaongeza 10, na mtu mzima hawezi tena kukaa wima. Mtu akikaa, kutoka makalio hadi utosini, anahitaji sentimita 85 hadi 95. Sasa piga hesabu: chuma kikiishia sentimita 30, ubao karibu 2, godoro 10, jumla 42, toa kwenye 132, inabaki 90. Hapo mama ananyonyesha akiwa amekaa na baba anavaa shati bila kupiga magoti. Dumu la lita 20 halitasimama chini ya kitanda hicho, ni kweli. Lifungwe pembeni ya mlango wa nyuma, maana dumu la kulazwa linavuja hata likiwa jipya. Ukinyanyua kitanda kwa ajili ya dumu, mgongo wako ndio unalipia kila usiku.

Mifupa ya kitanda inaweza kuwa mbao au chuma. Huku kusini kishawishi cha mbao ni kikubwa, mninga na mkongo tunavijua, na mafundi wake wapo. Lakini boriti ya mninga ya 2 kwa 4 yenye urefu wa meta 1.4 ina zaidi ya kilo 4, na ikisimamishwa inakula sentimita 10 za kimo. Bomba la mraba la milimita 40 kwa 40, unene 1.5, lenye urefu huo huo lina kilo 2.5 na linakula sentimita 4 tu. Mninga ubaki kwenye vitanda vya nyumbani.

Hapa kwenye bomba ndipo mwenye gari anapobishana na fundi. Fundi atakwambia, "Bosi, chukua inchi moja, ni nyepesi, kwani utalaza tembo?" Usikubali. Bomba la 25 kwa 25 lenye unene wa 1.5, likikingamishwa meta 1.4 bila mguu wa katikati, mtu wa kilo 100 akipiga goti katikati yake linazama zaidi ya sentimita 2, na linazidiwa: likipinda halirudi. La 40 kwa 40 kwa mzigo huo huo linazama milimita 5 na kurudi. Tofauti ya uzito kwa kila meta ni gramu 700 hivi. Kwa gramu hizo umenunua uhuru wa kutoweka miguu ya katikati, na sakafu yote chini ya kitanda inabaki wazi kwa mabegi.

Bomba linauzwa kwa urefu unaoitwa meta 6. Nenda na futi dukani. Mengi ukipima unakuta 5.8, na hesabu iliyopigwa kwa 6 inakuharibia kipande cha mwisho. Mpango huu unatosha kwenye mabomba mawili hata yakiwa ya 5.8. Bomba la kwanza linatoa vyuma vinne vya kukingama, kila kimoja sentimita 139.6; jumla ni 558 na ushee. La pili linatoa reli mbili za pembeni za sentimita 180 na miguu sita ya sentimita 25.5, jumla 513. Ongeza flati ba, yaani chuma bapa, ya milimita 50 kwa 5, meta moja, kwa nyayo sita za miguu na mabamba ya chini ya sakafu. Na flati ba ya 40 kwa 4, meta moja na nusu, kwa vikalio na ndimi zake, vinavyoelezwa hapa chini.

Kitanda kinasimama hivi. Kila upande wa gari una fremu moja: reli ya sentimita 180 juu ya miguu mitatu, mmoja mbele ya nundu ya tairi, mmoja nyuma yake, wa tatu mwisho karibu na mlango. Reli inapita juu ya nundu bila kuigusa. Acha upenyo wa vidole viwili, kwa sababu bodi inacheza njiani na chuma kikigusa bati kitalia hadi Masasi. Kati ya reli hizo mbili kuna sentimita 140, na vile vyuma vinne vinadumbukizwa kwenye vikalio vya umbo la U vilivyochomelewa upande wa ndani wa reli. Juu ya vyuma zinakaa mbao za plaiwudi. Basi.

Kikalio kinahitaji uangalifu kuliko kitu chochote kwenye kazi hii. Ndani kiwe na upana wa milimita 44, si 40. Zile 4 za ziada ni za mpira: mkanda wa tyubu kuukuu ya tairi, uliogundishwa kwa gundi ya viatu pande mbili na chini. Fundi asiyejua atakitengeneza kikae barabara kwenye chuma kitupu, halafu rangi ikipakwa mara mbili chuma hakiingii tena, nyundo inaanza kazi. Akikiacha kipana bila mpira, kila jiwe barabarani litapiga kengele. Na kina cha kikalio kihesabiwe pamoja na mpira wa chini, ili uso wa chuma cha kukingama uwe sawa na uso wa reli. Ukiwa juu kwa milimita 3 tu ubao unabembea, na kubembea ndiko kunakotoa kelele za usiku mtu akijigeuza.

Kuzuia chuma kisiruke kwenye matuta, upande mmoja tu ndio uwe na pini. Upande wa pili chomelea kipande kidogo cha flati ba juu ya kikalio, kama ulimi. Unaingiza ncha moja kwa kuinamisha, inapita chini ya ulimi, kisha unashusha ncha nyingine kwenye kikalio chake na kupitisha pini ya milimita 8 katikati ya mashavu mawili. Pini nne badala ya nane. Weka pini zote upande wa mlango wa kusukuma, ili uzifikie umesimama nje. Kila pini ifungwe kwa kamba fupi kwenye reli yake. Pini isiyofungwa ina maisha ya safari mbili.

Vyuma viwekwe wapi kwenye urefu wa sentimita 180? Vitovu vyake viwe sentimita 2, 60, 120 na 178 kutoka ncha ya mbele. Kwa hiyo mbao zinakutana juu ya chuma cha pili na cha tatu, kila moja ikikalia sentimita 2. Zingatia kwamba nafasi iliyo wazi katikati ya vyuma hailingani: ya mbele na ya nyuma ni sentimita 54, ya katikati ni 56. Itakuja kuwa na maana tukifika kwenye mbao.

Kuchomelea kufanyike nje ya gari. Fundi akisisitiza kushika doa, yaani kuchomelea nukta chache za kushikilia tu, fremu ikiwa ndani ili ipate mkao, kwanza toa kichwa cha hasi cha betri, funika siti na vioo kwa turubai bichi, na weka ndoo ya maji karibu. Cheche moja ya kuchomelea ikitua kwenye kioo haifutiki. Chuma cha unene wa 1.5 kinataka vijiti vya kuchomelea vya 2.5 na moto mdogo. Ashike doa kila mahali kwanza, apime pembe kwa pembe, yaani kutoka kona hadi kona iliyo kinyume, vipimo viwili vilingane, ndipo amalizie. Akimaliza upande mmoja wote kabla ya kugusa mwingine, reli inajikunja kama upinde na vyuma vya kukingama vinakwama kuanzia cha tatu. Ncha zote za mabomba zizibwe kwa kibati, kisha kila bomba litobolewe tundu dogo la milimita 3 upande wa chini ili jasho la ndani litoke.

Rangi ipakwe siku hiyo hiyo. Hewa ya pwani yetu ina chumvi, chuma kilichopigwa msasa jioni kikilala uwanjani, asubuhi kimeshabadilika rangi. Brashi ya waya kwenye maungio, msasa, futa kwa kitambaa chenye petroli, mkono mmoja wa redi oksaidi, rangi ya msingi ya kuzuia kutu, kausha, mikono miwili ya rangi ya mafuta. Ndani ya vikalio usiweke mkono wa pili.

Sasa kufunga fremu sakafuni, sehemu yenye hatari ya kweli. Tafuta kwanza matundu yaliyokuwepo: ya kulabu za kufungia mizigo, au ya siti ya nyuma iliyotolewa. Yana nati zilizochomelewa na kiwanda, na ni imara kuliko chochote tutakachotoboa sisi. Ila uzi wake una mtego. Bolti ya M10, yaani ya kipenyo cha milimita 10, ya gari ya Kijapani kwa kawaida ina uzi wa 1.25, ndizo milimita kutoka jino hadi jino, na kichwa cha spana 14. M10 ya duka la vifaa vya ujenzi ina uzi wa 1.5 na kichwa cha spana 17. Ukizishika mkononi unaona ndugu wa tumbo moja. Ya dukani ukiiingiza kwenye tundu la gari inakubali mizunguko miwili, inakaza. Fundi asiye na subira anaongeza nguvu, na uzi wa ndani unaliwa hapo hapo; kuuponya ni kutoboa upya. Bolti ikikataa kuingia kwa vidole, si yake. Chukua ile ya zamani kama sampuli, nenda nayo kwa wauza vipuri. Na bolti za mikanda ya usalama zina uzi wake tofauti kabisa na ugumu wake. Zisitolewe, zisibadilishwe, wala zisitumiwe kushikia kitanda.

Pasipo tundu la kiwanda, ingia uvunguni kabla ya kushika drili. Uko chini huko kuna tangi la mafuta, mabomba ya breki, nyaya, na tairi la akiba. Weka alama kwa kupima kutoka kitu kinachoonekana juu na chini, kama ukingo wa mlango, kisha toboa kidogo kwa biti ya 3, angalia imetokea wapi, ndipo upanue. Chini ya bati weka bamba la flati ba ya 50 kwa 5, urefu sentimita 10, ili bolti isivute bati peke yake. Kingo za tundu zipakwe redi oksaidi, silikoni juu na chini, nati yenye plastiki ndani. Bolti mbili kwa fremu moja zinatosha, mguu wa mbele na wa nyuma. Wa katikati unakalia mpira tu.

Kwa nini kukaza hivyo kitu kilichobuniwa kitoke? Gari likigonga kitu kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kila kisichofungwa kinaendelea na safari, na kwa kitambo hicho kifupi kinasukuma kwa nguvu ya mara kumi na kadhaa, hata ishirini, ya uzito wake. Ubao wa kilo 10 nyuma ya shingo za watoto si wa kushikiliwa na godoro. Kwa sababu hiyo hiyo hakuna anayelala kitandani gari ikitembea, hata mtoto aliyesinzia tangu Mingoyo. Alale kwenye siti akiwa na mkanda.

Mbao. Plaiwudi ya milimita 18, karatasi moja ya futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122. Eneo la kitanda ni sentimita 180 kwa 148, linaingia kwenye karatasi hiyo kwa mahesabu ya jumla, lakini ukitaka mbao tatu za 148 kwa 60 karatasi moja inatoa mbili tu. Kipande kinachobaki ni 96 kwa 122, kifupi kwa ubao wa tatu, na hapo wengi wanarudi dukani kununua karatasi ya pili. Haina haja. Kata kipande hicho upate nusu mbili za 74 kwa 60. Kila nusu inakaa juu ya vyuma viwili kwa miguu yake yenyewe, kwa hiyo muungano wake wa katikati haubebi kitu. Nusu hizo ziwekwe nyuma, upande wa mlango. Kumbe ni bora hata kuliko ubao mzima: usiku ukitaka jiko au viatu, unainua nusu moja bila kuamsha aliyelala upande wa pili.

Ubao mzima una kilo 9 hadi 10. Ya milimita 12 ingekuwa na 6 na kidogo, lakini inazama mtu akipiga goti kati ya vyuma, utalazimika kuipigilia mbao za chini, na uzito unarudi mlango wa nyuma. Plaiwudi nyeusi ya kumwagia zege inadumu kwenye maji, sawa, ila ni nzito zaidi na inateleza, godoro linahama nalo. Kabla ya kulipa, omba kipande cha pembeni, kilaze kwenye maji usiku kucha. Tabaka zikifunguka asubuhi, muachie mwenyewe.

Toboa matundu ya kupitisha hewa. Hili si pambo. Usiku wa pwani una unyevu, watu wanne wanapumua na kutoka jasho, na upande wa chini wa godoro ukilala kwenye ubao usiopumua unalowa. Siku ya nne linanuka, wiki ya pili lina madoa meusi ya ukungu. Msumeno wa duara wa milimita 38, matundu yaachane sentimita 15 kitovu kwa kitovu, yasikaribie kingo chini ya sentimita 10. Ubao mzima unapata 27, kila nusu 12, jumla 78. Kazi ya mchana mmoja na inachosha mkono, toboa kutoka pande mbili ili ubao usichanike. Kisha vanishi au rangi ya mafuta mikono miwili, na kwenye kingo na ndani ya matundu mikono mitatu, kwa sababu plaiwudi hunywa maji kwa pembeni.

Chini ya kila ubao pigilia skrubu vijiti viwili vya mbao, kimoja kila mwisho, vikae ndani ya nafasi kati ya chuma na chuma vikiwa na uhuru wa milimita 2 au 3. Ndivyo vinavyozuia ubao usiteleze kwenda mbele. Na ndipo ile tofauti ya 54 na 56 inapojitokeza: ubao wa katikati ukiuweka mbele, vijiti vinagoma. Andika namba kwa rangi chini ya kila ubao, na mshale unaoelekea kwa dereva. Gizani, mvua ikinyesha, hakuna atakayekumbuka. Mwisho, mkanda mmoja wa kufungia mizigo upite juu ya mbao zote kutoka fremu hadi fremu wakati wa safari.

Godoro ni jambo dogo ukilinganisha, na lina bahati yake: la futi 5 kwa 6 ni sentimita 152 kwa 183. Kata vipande vitatu vya 61, punguza upana hadi 148. Ile sentimita ya ziada kwa kila kipande inafanya vibanane, pasiwe na ufa. Kwa mpangilio huo nyonga ya mtu mzima inaangukia katikati ya kipande cha pili, haiangukii kwenye muungano. Unene inchi 4. Pungufu ya hapo utahesabu matundu kwa mbavu. Sponji iwe ngumu, ikandamize kwa kiwiko, ukigusa meza iache. Kukata, tumia ubapa wa msumeno wa chuma ulio mpya, bila fremu yake, kwa mikono mirefu na mepesi. Fundi makochi ashone foronya za kitambaa zenye zipu, chini aweke wavu. Rexini inapendeza dukani, lakini kwa joto la huku ni kulala juu ya sufuria.

Vioo vifunguliwe usiku, kwa hiyo chandarua ni sehemu ya kitanda. Bati la gari linashika sumaku: shona wavu mkubwa kuliko dirisha kwa sentimita 5 kila upande, pindo liwe na sumaku ndogo kila sentimita 15, zile za spika zilizokufa zinafaa zikivunjwa vipande. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata likiwa limebaki makaa mawili na milango iko wazi, hewa yake ya sumu haina harufu na inaua waliolala. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ulale nje pia. Gesi ile ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini kabisa, uvunguni mwa kitanda, ikisubiri kiberiti.

Uzito wote, fremu, vyuma, mbao na godoro, unakaribia kilo 60, kama abiria mmoja. Siti ya kati na mikanda yake vibaki kama vilivyo. Ukiitoa siti moja kwa moja umebadilisha idadi iliyoandikwa kwenye usajili na kwenye bima, na hayo yanamalizwa TRA na kwa watu wa bima kabla ya safari. Trafiki wa njiani si wa kumweleza historia ya kitanda.

Safari ya kwanza iwe Lindi na kurudi. Ni kilomita mia na kidogo kwenda, lami, na mafundi wapo pande zote mbili. Simama Mingoyo, shika kila bolti na kila pini kwa mkono. Bolti zinazolegea hulegea mwanzoni, rangi ikijikandamiza chini ya washa. Ukizikaza mara mbili zinatulia. Kelele ya mlio mkavu ni chuma kwa chuma, tafuta kikalio ambacho mpira wake umehama. Mlio wa kukwaruza ni ubao juu ya reli. Mkanda wa tyubu juu ya reli unaumaliza. Barabara za vumbi zenye mawimbi, kama za kuingia vijijini huko Tandahimba na Nanyamba, zitakuonyesha kilichobaki.

Msimu wa korosho ukifika kitanda kinatoka chote, na fremu pia, maana gunia linalovutwa na watu wawili halijali rangi ya mtu. Mbao zilazwe bapa juu ya matofali, zikipangwa kwa vijiti katikati ili zipumue. Ukiziegemeza ukutani miezi mitatu zinarudi zimejikunja, na zikigusa udongo mchwa hawasubiri Januari. Godoro lining'inizwe au lilale juu ya kabati. Matundu ya sakafuni yasiachwe wazi: pakaa grisi kwenye bolti zake, zirudishe mahali pake kwa vidole, kaza robo mzunguko. Vumbi la magunia likiingia kwenye uzi pamoja na maji ya kuoshea gari, ukirudi kufunga fremu utakuta tundu limeziba kwa udongo mgumu, na bolti ya kwanza utakayoilazimisha itaondoka na uzi wake.